Upande wa Kushoto wa Lineo

Nyumbani kwa mama, Quthing
9 Juni 1974

Mpendwa Moeketsi,

Kamera imefika. Kaka aliitoa posta akaibeba ndani ya blanketi lake njia nzima, hata watu wakamuuliza kama na yeye amejifungua.

Nianze na binti yako. Ananyonya, analala, anapiga kelele, na tangu juzi anageuza macho kufuata sauti. Kaka bado analalamika kwamba mtoto wa kwanza wa kike amezaliwa na baba yake hakumwagiwa ndoo ya maji kama desturi inavyotaka. Anasema angepata ruhusa angekuja mpaka Welkom akumwagie hapo hapo kwenye chumba chako cha eksirei hapo hospitali ya mgodi, mbele ya wagonjwa, maana desturi haijui kazi.

Sasa hii kamera. Unanijua nilivyo. Kule mahakamani nikikosea herufi moja kwenye mwenendo wa kesi, jasho hunitoka hata theluji ikiwa nje. Hapa ni vibaya zaidi. Makosa ya kalamu nayaona papo hapo, lakini makosa ya kamera siwezi kuyaona mpaka filamu ije kwako uisafishe. Nimesoma maelezo yako mpaka karatasi imelegea. Nilimlaza juu ya shuka jeupe kabisa, katikati ya nyumba, ili aonekane msafi. Nikasimama juu yake kama mtu anayechungulia kisima, nikabofya huku nimeshika pumzi. Nimeipiga filamu yote. Ukikuta nimeharibu, niambie polepole.

Watu wa kwenu hawajaja bado na kondoo wa kumpa jina. Mama anasema wanangoja baridi ipungue. Mimi sina haraka. Jina analo tangu siku ya harusi yetu, mama yako aliponivika blanketi akatangaza, "Kuanzia leo huyu ni 'Malineo." Mama wa Lineo, kwa jina la bibi yako. Tangu siku ile nimekuwa mama wa mtu asiyekuwepo. Sasa yupo, na ana miguu mikubwa kama yako.

Wako,
'Malineo


Welkom
23 Juni 1974

Mpendwa 'Malineo,

Nimesafisha filamu yako baada ya kazi, picha za mapafu ya wachimbaji zilipokwisha kukauka kwenye kamba. Bosi anajua. Amesema mradi nisije nikampelekea daktari picha ya mtoto akaandika kwamba ana vumbi la mgodi.

Shuka limetoka vizuri sana. Kila mkunjo unahesabika. Mtoto ametoka kama chungu kilichosahauliwa mekoni, chenye macho mawili. Usilie! Kosa hilo kila mtu huanza nalo. Kipimo cha mwanga ni kijinga: kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, basi kinabana. Mtoto wetu ni mweusi, tunamshukuru Mungu, na shuka ni jeupe. Kamera ikachagua shuka. Tandika blanketi la kahawia la mama, kisha fungua lenzi hatua moja zaidi ya kipimo kinavyokuambia. Mwamini mtoto kuliko kipimo.

Halafu, nyuma ya mtoto naona jiko la mafuta ya taa, bakuli la uji na mguu. Mguu wa nani? Kabla hujabofya, pitisha jicho kwenye pembe zote nne za picha kama mtu anayefunga milango kabla ya kulala. Kisichohusika kitoke.

Dirisha lenu ni dogo kama leso, kwa hiyo mlango ndio dirisha lako. Fungua nusu yake ya juu tu. Usipige jua likiwa linaingia moja kwa moja. Ngoja lipite, mwanga ubaki lakini usiwe na meno. Mlaze ubavu wake uelekee mlangoni, shavu moja lipate mwanga, la pili libaki na kivuli. Usikiogope kivuli. Uso usio na kivuli ni sahani. Kikizidi, mtu asimame upande huo na kitu cheupe arudishe mwanga kidogo. Lile shuka lako limepata kazi. Na piga magoti, uwe sawa naye. Lenga jicho lililo karibu nawe. Jicho likitoka kali, mengine yote watu watasamehe.

Nikuambie kitu. Kwenye filamu, kabla ya karatasi, weusi huwa weupe. Niliiinua kwenye taa nikaona nywele za mwanangu, zile zilizochungulia kwenye kofia, nyeupe pe, kama za kikongwe. Nikasema peke yangu gizani, bibi amerudi. Mbusu Lineo kwenye nyayo.

Wako,
Moeketsi


Quthing
14 Julai 1974

Mpendwa Moeketsi,

Mguu ni wa mama. Amekasirika kwamba umeuita kitu kisichohusika.

Nimefanya yote uliyosema. Nilingoja jua lipite mlangoni, nikatandika blanketi la kahawia, nikafungua lenzi. Mama alisimama upande wa kivuli ameinua shuka.

"Mikono juu kidogo, mama."

"Nimezaa watoto sita, leo nimekuwa kamba ya kuanikia nguo."

"Mama, usicheke, shuka linatikisika."

"Anayecheka nani? Mimi nalia. Bofya, mtoto anakojoa!"

Kweli alikojoa, na nadhani nimeipata ile sura aliyokunja kabla. Safari hii sikumweka katikati. Alikuwa anatazama mlangoni, kwa hiyo nikaacha nafasi upande huo, ili macho yake yawe na mahali pa kwenda. Sijui kama inaruhusiwa. Niliona tu kwamba nikimbana ukingoni anakuwa kama mtu aliyegeuzwa uso ukutani.

Shangazi yako Likeleli alikuja Jumanne. Nilifurahi, nikadhani amekuja kutangulia msafara wa kondoo. Alikaa, akavuta ugoro, akamsifu mtoto kwa maneno machache. Kisha akasema kofia ya mtoto inambana, akaanza kuifungua. Mtoto akapiga kelele, mama akamchukua. Shangazi akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na yule mkalimani wenu wa mahakama, Bwana Phafoli, yupo bado?" Nikasema yupo. Akasema, "Ana farasi mzuri." Akaaga. Jina hakulitaja hata mara moja.

Nimelifikiria swali hilo wiki nzima. Farasi ndiye yule niliyekuambia habari zake mwenyewe Agosti mwaka jana, ulipokuja likizo. Mahakama ilikwenda milimani, mto Senqu ulikuwa na barafu kingoni, na makarani wote tulivushwa mmoja mmoja juu ya farasi huyo, nyuma ya Phafoli. Hata mzee wa kupiga mihuri alivushwa hivyo hivyo, na yeye hakuna anayemuuliza.

Labda naogopa bure. Unijibu haraka.

Wako,
'Malineo


Welkom
2 Agosti 1974

Mpendwa Puseletso,

Filamu ya pili imefika. Umejitahidi. Picha ya mtoto aliyekunja uso ni nzuri kuliko nyingi ninazoziona kwenye vioo vya studio za hapa mjini. Nafasi uliyoiacha mbele ya macho inaruhusiwa. Nimekutumia nakala mbili.

Sasa ningependa ujifunze picha ya upande. Ni ngumu zaidi, ndiyo maana ni mazoezi mazuri. Mama amkalishe mtoto pajani, uso uelekee kulia, wewe ukae upande wake wa kushoto. Mwanga utoke mlangoni nyuma ya bega lako, ufike moja kwa moja, bila kivuli. Asiwe na kofia. Nywele zisukumwe nyuma. Karibia kadiri lenzi inavyoruhusu, na lenga pale shavu linapokutana na sikio.

Piga kadhaa za hivyo, zikiwa kali. Picha ya upande huonyesha umbo la kichwa vizuri.

Mama yangu anakusalimu. Ameomba niwaeleze kwamba mambo ya jina yangoje kidogo, kuna wazee hawajakutana. Isikusumbue.

Mtoto awe na afya.

Moeketsi


Quthing
11 Agosti 1974

Moeketsi,

Barua yako nimeisoma kama ninavyosoma jalada la kesi, mara ya kwanza kwa maneno yaliyomo, mara ya pili kwa yaliyotolewa.

Umeniandikia kwa jina la kwa baba yangu. Tangu nivikwe blanketi hujawahi kuniita Puseletso, hata tulipogombana. Na Lineo, ambaye mwezi Juni alikuwa bibi yako aliyerudi, sasa ni "mtoto".

Ulinifundisha kwamba uso usio na kivuli ni sahani. Sasa unataka mwanga wa moja kwa moja, bila kivuli. Ulinifundisha kulenga jicho. Sasa nilenge sikio. Mwalimu hawezi kusahau somo lake mwenyewe ndani ya mwezi mmoja.

Mbele ya sikio lako la kushoto kuna kitundu kidogo, kama kilichotobolewa na sindano. Baba yako anacho, na shangazi Likeleli anacho. Mama yako hukiita muhuri wa ukoo, na siku moja alinionyesha jikoni, amelishika sikio lako kama sikio la ndama mnadani.

Naogopa kuwa nimekukosea kwa kukudhania. Basi niambie wazi, kwa wino wako: picha hii ni ya kujifunza, au ni ya nini?

'Malineo


Welkom
20 Agosti 1974

Mpendwa,

Sikutaka uumie. Mama alikuja hapa kwa treni mwezi uliopita, hajawahi kusafiri hivyo maisha yake yote. Alilala chumbani kwangu, mimi nikalala sakafuni. Anasema watu kule kijijini wanatania kuhusu farasi. Anasema mtoto akichukua jina la bibi kisha ikaja kujulikana vinginevyo, atakuwa ametukana makaburi.

Mimi nakuamini. Nimemwambia. Lakini unamjua mama: maneno hayamtoshi. Picha moja tu itawafunga wote midomo. Kitundu kikionekana, kondoo atakuja siku hiyo hiyo, na hakuna atakayetaja farasi tena. Nafanya hivi kwa faida yako. Kama huna la kuogopa, picha itakudhuru nini?

Nimezitazama zile filamu zako kwa kioo cha kukuzia cha daktari. Kofia iko kwenye zote.

Tafadhali.

Moeketsi


Quthing
30 Agosti 1974

Moeketsi,

Ndani ya kifurushi hiki kuna filamu. Kabla hujazima taa kuisafisha na kukimbilia kioo cha daktari, soma kwanza.

Jana kulikuwa na mawingu mepesi, mwanga mlaini kama ulivyoniambia niungoje. Nilifungua nusu ya juu ya mlango. Nikatandika blanketi jeusi, si la kahawia, nikafungua lenzi zaidi ya kipimo, kwa kuwa nimejifunza kumwamini mtoto. Nilitoa jiko, bakuli na miguu yote. Nikapiga magoti mpaka macho yangu na yake yakawa sawa. Mama akashika shuka upande wa kivuli wala hakutania. Uso wa Lineo niliuweka nje kidogo ya katikati. Safari hii hakutazama mlango, alinitazama mimi, na nikalenga jicho lililo karibu.

Kichwani ana kofia ya sufu aliyofuma mama, imefunika masikio yote mawili, kamba imefungwa chini ya kidevu kwa fundo ambalo nimelikaza mwenyewe.

Nimepiga hiyo moja tu. Filamu iliyobaki ni tupu. Usilitafute sikio humo.

Umeniuliza, kama sina la kuogopa, picha itanidhuru nini. Nimekuwa mtu wa kuogopa tangu nizaliwe, kwa hiyo nakujibu kwa ujuzi. Mahakamani kwetu hata mwizi wa ng'ombe, aliyekamatwa na ngozi mbichi begani, huulizwa kwanza: wewe unasemaje? Mimi sikuulizwa. Ulimwita mtoto wako wa miezi mitatu kutoa ushahidi dhidi ya mama yake, tena kwa hila, ukaiita mazoezi.

Na kesho je? Nikikupa sikio leo, kesho mtataka kidole, keshokutwa meno yakiota. Atakua akigeuzwageuzwa mwangani kama noti inayoshukiwa.

Nimelitazama sikio lake. Mama amelitazama. Kilichopo au kisichopo hapo sitakiandika, wala sitamruhusu mama akiseme sokoni. Kikiwepo, sitaki kiwe ndicho kilichonifanya mkweli. Kisipokuwepo, wewe pia una ndugu wasiokuwa nacho na hakuna aliyemuuliza mama yako habari za farasi.

Kuhusu jina. Ninyi ndio mlioniita mama wa Lineo kabla hajawa hata damu. Mlilifunga jina hilo mgongoni kwangu, nikalibeba kazini, kanisani, kwenye foleni ya posta. Kama huyu si Lineo, basi semeni mbele ya watu mimi ni mama wa nani. Mpaka mtakaposema, ninatia saini kwa jina mlilonipa.

'Malineo


Quthing
22 Septemba 1974

Moeketsi,

Hujanijibu. Nakuandikia hata hivyo, maana yaliyotokea Alhamisi lazima uyasikie kwangu kabla hayajakufikia yakiwa na mkia.

Mama yako alikuja, pamoja na shangazi Likeleli, na kondoo. Nilipomwona kondoo moyo ulinipanda. Kisha nikaona wamemfunga nje ya uzio, hawakumwingiza. Mama yangu naye aliona. Akapika chai.

Mama yako akatoa bahasha yako, akaiweka picha juu ya meza. Umeikuza vizuri, hilo nakupa. Kofia ina kila uzi, na ndani ya jicho la Lineo kuna mlango mdogo mweupe.

"Picha nzuri," mama yako alisema. "Anaonekana mtu mwenye akili. Nani kapiga?"

"Mimi, mama."

"Na hili likofia?"

"Kafuma mama yangu."

"Sikuuliza nani kafuma. Sikio liko wapi?"

"Chini ya kofia, mama. Yako mawili."

Shangazi alipaliwa na ugoro. Mama yako hakucheka.

"Mkamwana, umejifunza kujibu. Ni mahakama imekufundisha?"

"Ni woga, mama. Ukizidi sana unageuka."

"Haya, nipe mtoto."

Nikampa. Nilijua nikimnyima atasema nimekiri. Alimkalisha pajani, uso kulia, kama ulivyoniagiza mimi, akashika ile kamba chini ya kidevu. Nikamwambia, "Mama, naomba jambo moja kwanza. Mwite."

"Nimwiteje?"

"Uliponivika blanketi uliniita mama wa nani? Mwite huyo. Ukishamwita ni wako, mvue utakacho, sitasema kitu. Lakini ukimvua kabla hujamwita, unamvua mtoto wa watu, na mtoto wa watu havuliwi nyumbani kwao."

"Wewe Puseletso!" mama yangu akasema, akashika mdomo.

Nje kondoo alilia. Mama yako alimtazama mtoto na mtoto akamtazama, vile anavyotazama, bila kupepesa. Nilidhani atasimama aondoke. Nilikuwa tayari, nilishatazama blanketi lake liko wapi ili nimkabidhi kwa adabu.

Kisha akasema, "Lineo." Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoiogopa. Akarudia, "Lineo."

Mtoto akatoa povu mdomoni.

Vidole vyake vilikuwa bado kwenye kamba. Akavitazama, akaviondoa.

"Vua basi," shangazi akasema. "Mlango uko wazi, mwanga upo. Tulifuata nini huku?"

"Nimvue nani?" mama yako akamgeukia. "Hukusikia nimemwitaje? Huyu ni mama mkwe wangu. Nilikaa nyumba moja naye mpaka tunamzika, sikuwahi kumwona bila kilemba. Leo nimfunue mimi, mbele za watu, nimkague masikio?"

"Lakini wifi..."

"Na wewe ni mama yako mzazi. Njoo umvue wewe, kama una uso huo."

Shangazi akatazama ugoro wake.

Mama yako akamfunga mtoto kamba vizuri zaidi kuliko nilivyoifunga mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwingizeni kondoo, atakufa kwa kiu."

Wamekula, wameimba, wameondoka jana. Mama yako ameichukua picha. Alipokuwa anaifunga kwenye kitambaa niliiomba, nikaigeuza nyuma, nikitumaini umeandika chochote, hata tarehe. Hukuandika kitu. Nyuma ni nyeupe kama lile shuka langu la kwanza. Ulipeleka picha kwa mama yako ukajificha nyuma yake, yeye aamue, wewe uendelee kuwa mtoto mwema na mume mwema kwa pamoja.

Mimi bado naogopa, Moeketsi. Nimeandika barua hii mara tatu. Lakini sitakutumia filamu nyingine. Akijifunza kukaa, nitampiga picha akikaa, akicheka, na filamu nitazitunza kabatini bila kusafishwa, mpaka ije barua ambayo mstari wake wa kwanza unatutaja sote wawili kwa majina yetu.

Mama yako ameshamwita. Umebaki wewe.

'Malineo